Jinsi Koplo Alivyojifunza Kungoja

Gunia la mtama likilowa mvua hutoa harufu ya uchachu, kama uji uliosahauliwa chunguni kwa siku mbili. Ongeza hapo harufu ya manyoya machanga yaliyoloa matope, na utakuwa umeipata ile iliyoingia nyumbani kwetu Kakuma asubuhi moja ya mwaka 2012, ndani ya koti la kazi la baba yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, jambo ambalo kwetu Turkana watu hulikumbuka kwa miaka, na laga, yaani ule mto mkavu unaopita kando ya mji, ilikuwa imejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo yalibeba mbuzi, masufuria, miti ya mathenge na mizizi yake, na yalimbeba pia mbwa jike aliyekuwa amezalia nyuma ya ghala la chakula ambalo baba alililinda zamu ya usiku. Watoto wa mbwa walikwenda na mama yao, isipokuwa mmoja ambaye baba alimkuta juu ya magunia, chini ya turubai, akitetemeka kama simu inayoita bila sauti. Alimtoa kwenye koti akamweka sakafuni mbele yangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba akasema, "Akiru, huyu ni wako. Lakini asipojifunza kusikia, hakai hapa."

Baba hakuwa mtu wa kuleta wanyama nyumbani kwa huruma tu. Mwezi mmoja kabla ya hapo mwenzake wa zamu alikuwa amepigwa rungu kichwani na watu walioruka ua wa ghala, na tangu siku ile yule mwenzake alikuwa akiongea kwa shida, mdomo umevutwa upande mmoja. Baba alilinda peke yake sasa, akiwa na tochi na firimbi. Msimamizi wao alikuwa amemwambia kwamba akipata mbwa mwenye nidhamu, mbwa asiyeng'ata madereva wala kuiba chakula, ataruhusiwa kuingia naye kazini. Baba akampa yule mtoto wa mbwa jina la Koplo, cheo ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukipata katika miaka yote aliyovaa sare. Mama alicheka aliposikia. Baba hakucheka.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya aibu tupu. Kwetu hakuna aliyewahi kukaa chini kumfundisha mbwa. Mbwa wa wafugaji hukua pamoja na mbuzi, na huyajua ya kujua kwa kuishi nao. Mimi nilikuwa na mbwa wa mjini asiye na mbuzi wa kuchunga. Nilimpigia kelele, nikamvuta kwa kamba ya katani, nikamsukuma makalio chini kwa mikono miwili huku nikimwambia akae, naye akageuka akanilamba kiwiko. Alitafuna ndara za mama. Aliiba nyama ya jirani ikiwa bado jikoni. Nikimwita alikimbilia upande mwingine, kwa sababu mara ya mwisho nilipomwita nilimchapa. Baba akirudi asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimtazama Koplo kwa muda mrefu, na mimi nilijua anahesabu siku.

Aliyetuokoa, ikiwa kweli tuliokolewa, alikuwa fundi viatu mmoja aliyekaa kando ya barabara kuu, chini ya kipande cha bati kilichoegemezwa kwenye nguzo mbili. Tulimwita Baba Achol. Alikuwa Mdinka kutoka Sudan Kusini, mrefu hata alipokaa, mwenye mistari ya makovu kipajini, na aliishi katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya laga. Miaka ya nyuma, enzi ambapo ndege za misaada zilipaa na kutua Lokichoggio kutwa kucha, alikuwa mtunza mbwa wa walinzi huko. Ndege zilipopungua, mbwa waliondolewa, na yeye akarudi kambini na sindano ya kushonea viatu. Siku moja aliniona nikimburuta Koplo mbele ya kibanda chake.

"Wewe binti," akaniita, "hiyo ni mbwa ama ni punda?"

Nikasimama, nikasema hasikii.

"Anasikia sana. Wewe unamwambia maneno mingi, yeye anapata kelele tu. Sema moja. Halafu funga mdomo."

Alitia mkono kwenye mfuko wake wa karatasi, akatoa kipande cha mafuta ya mbuzi kilichobaki kwenye chakula chake cha mchana, kidogo kama punje ya maharagwe. Akakishika juu ya pua ya Koplo, akakisogeza taratibu kuelekea kisogoni. Koplo alikifuata kwa macho, kichwa kikapanda, na makalio yakashuka yenyewe mpaka yakagusa vumbi. Hapo ndipo Baba Achol aliposema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kaa," akampa kile kipande. Hakumgusa hata kwa kidole. Nilisimama pale na kamba yangu mkononi, mkono umechubuka, nikahisi kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango unaofunguliwa kwa kuvuta.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila asubuhi kabla ya shule, jua likiwa bado halijaanza kuchoma. Hakuruhusu somo lipite muda wa kushona kisigino kimoja. Alisema mtoto wa mbwa akichoka anajifunza kuchoka. Alinikataza fimbo. Alinikataza kumwita Koplo ili nimwadhibu, akisema, "Akikuja kwako, hata kama ameua kuku, siku hiyo ni sikukuu." Alinifundisha neno "acha" kwa kuweka mfupa chini na kuufunika kwa kiatu mpaka Koplo alipouacha na kunitazama usoni. Alinifundisha "njoo" kwa kamba ndefu, na "lala" kwa kushusha mkono mpaka ardhini. Na maneno yote tulimwambia kwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Kiturkana, Baba Achol aliomba na kulaani kwa Kidinka na kupatana bei kwa Kiarabu cha Juba, lakini baba alitaka mbwa ambaye askari yeyote wa zamu angeweza kumwamuru, kutoka kabila lolote. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho sisi wote wawili tulikuwa tukikivunjavunja, kikawa lugha ya Koplo. Watu waliopita njiani walisimama kutucheka. "Ejok, mwalimu!" walinisalimu. "Darasa lako lina mwanafunzi mmoja?"

Neno gumu kuliko yote lilikuwa "ngoja." Mbwa hukaa kwa sababu ya chakula, lakini kungoja ni kukaa wakati chakula kinaondoka. Baba Achol alinifundisha kurudi nyuma hatua moja na kumrudia Koplo kabla hajainuka, kesho yake hatua mbili, kisha tano, kisha kumpa mgongo na kutembea bila kutazama nyuma. Ulipofika mwisho wa mafunzo hayo tulipitisha mbuzi katikati yetu, tukaangusha sufuria, na mara moja lori la Lokichoggio lilipita likipiga honi na vumbi likamfunika Koplo mzima. Vumbi liliposhuka alikuwa palepale, macho ameyafumba nusu, ameelekea nilipo. Lakini kulikuwa na sharti. Kila nilipomngojesha ilinibidi nimfungue kwa neno "haya." Baba Achol alisisitiza hilo kuliko yote. "Ukisema ngoja na usiseme haya, umemdanganya. Yeye hajui kama umesahau. Yeye anajua kazi bado."

Nilimuuliza siku moja mbwa anaweza kungoja muda gani. Alikuwa ametoka kutazama ubao ambapo majina ya wakimbizi waliokubaliwa kuhamia nchi za nje yalibandikwa, na jina lake halikuwapo, kama lilivyokosekana kila mara. Alipitisha uzi kwenye sindano kwanza.

"Sijui," akasema. "Mimi nimengoja miaka ishirini, na hakuna mtu amesema haya."

Mwisho wa mwaka 2012 Koplo alianza kazi. Alikuwa mbwa mkubwa sasa, mweupe mwenye kichwa cha rangi ya udongo, na msimamizi wa ghala alimjaribu mwenyewe kwa kutupa kipande cha nyama miguuni pake. Baba akasema, "Acha." Koplo akatazama pembeni, kama mtu anayeona aibu ya mwingine. Jioni zile baba alipotoka kwenda zamu, Koplo akitembea upande wake wa kushoto bila kamba, nilisimama mlangoni nikiwatazama mpaka wapotee nyuma ya maduka. Nikijaribu leo kukumbuka furaha ya utotoni, ndizo jioni zinazokuja, na huja fupi, kwa kuwa hazikufika hata miezi minne.

Mapema mwaka uliofuata, mtoto mmoja upande wa pili wa mji aling'atwa na mbwa aliyekuwa akitokwa na mate. Jeraha lilikuwa dogo, wazazi wakaliosha na kulifunga kitambaa, na wiki kadhaa baadaye mtoto alianza kuogopa maji. Walimkimbiza Lodwar akiwa tayari hamjui mama yake. Alizikwa hukohuko. Nasema haya kwa sababu sitaki mtu adhani kwamba waliokuja baadaye walikuja bila sababu. Mji mzima ulikuwa na hofu, mama zetu walitufungia ndani, na kila mbwa aliyepita alirushiwa mawe. Kisha kipaza sauti kikapita kwenye pikipiki kikitangaza kwamba Jumamosi mbwa wote wasio na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa wataondolewa.

Kadi zilipatikana Lodwar. Baba aliomba ruhusa, tukapanda nyuma ya lori la makaa, yeye, mimi na Koplo, tukakaa juu ya magunia safari nzima ya barabara ile iliyokatika vipande vipande. Nilimwambia Koplo alale, akalala kidevu juu ya mguu wangu hadi tulipoyaona mabati ya Kanamkemer, pembezoni mwa Lodwar, yakimetameta. Duka la dawa za mifugo lilikuwa katikati ya mji. Muuzaji alifungua friji, akatuonyesha rafu tupu. Watu walikuwa wametoka kila mahali, hata Katilu, akasema, na dawa ilikuwa imekwisha tangu juzi. Turudi baada ya wiki mbili. Baba alimwambia Jumamosi haikuwa mbali hivyo. Yule muuzaji akatazama mlangoni, ambako Koplo alikuwa amelala kimya huku mbuzi wa mtu wakimruka. "Huyo amefundishwa na nani?" akauliza. Baba akaniwekea mkono begani. "Na huyu." Muuzaji akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, "Mzee, mbwa kama huyo nani atamuua? Waonyeshe tu vile anasikia."

Hayo ndiyo maneno tuliyorudi nayo Kakuma badala ya kadi. Baba aliyarudia njiani mara mbili tatu. Nilipomweleza Baba Achol, alikuna makovu yake akasema Lokichoggio mbwa mtiifu alitunzwa kama askari, kwa hiyo huenda. Alisema "huenda" tu, lakini mimi nilikuwa mtoto na nililichukua kama ahadi. Tulimfunga Koplo uani kwa kamba fupi, na baba akaahidi kwamba Jumamosi atakuwapo nyumbani azungumze nao mwenyewe.

Walikuja Alhamisi. Nilikuwa nimetoka shule kula chakula cha mchana. Mama alikuwa foleni ya maji na baba alikuwa amekwenda ghalani kuchukua ratiba yake. Nilikuwa nimemfungua Koplo ili anywe maji kwenye karai wakati nilipoanza kusikia milio ya bunduki, mmoja, kisha kimya, kisha miwili, na mbwa wa mtaa wote wakapita mbio kuelekea laga na kujitupa kwenye mathenge. Koplo aliinua kichwa, masikio yakasimama. Angeweza kwenda nao. Miguu ya nyuma ilikuwa tayari imejikunja. Nilisema, "Kaa," naye akakaa.

Gari lao lilikuwa pikapu isiyo na maandishi. Mwanamume mmoja alishuka akiwa na bunduki, leso amejifunga puani, jasho limechora mistari kwenye vumbi la shingo yake. Nyuma ya pikapu niliona miguu ya mbwa imepangana. Hata hivyo sikuogopa sana, kwa sababu nilikuwa na jibu.

"Hii mbwa iko na kadi?" akauliza.

"Hakuna. Tulienda Lodwar, dawa imeisha. Lakini inasikia. Angalia."

Nikamwambia Koplo alale, akalala. Nikamwambia akae, akakaa. Nikatupa kipande cha mkate mbele yake nikasema acha, naye akanitazama usoni. Yule mtu alishusha leso. Akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye usukani, "Kuja uone, hii imesoma kutushinda!" Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka, na mimi nikacheka nao. Moyo wangu ulipanda kabisa. Nilijua tumeshinda.

Kisha yule wa bunduki akaacha kucheka. Alitazama upande wa barabara, akatazama kijitabu cha hesabu ya mbwa kilichokuwa mfukoni mwa shati lake, akapumua kwa nguvu.

"Msichana," akasema kwa upole, "inaweza kungoja?"

"Inaweza. Hata lori ikipita."

"Haya basi, iambie ingoje. Halafu wewe kuja huku kwangu, pole pole."

Nilidhani ni jaribio la mwisho. Nikamwambia Koplo, "Ngoja," nikampa mgongo, nikatembea kama nilivyofundishwa, bila kutazama nyuma. Nilipofika kwake yule mtu alinishika bega akanisogeza nyuma yake. Niligeuka kwa mlio. Koplo alikuwa bado hajainuka. Alikuwa ameinama upande, macho yameelekea kwangu, na mguu wake mmoja ulitikisika kidogo kisha ukatulia.

"Pole," yule mtu akasema. "Sisi tumetumwa." Na alipokuwa akimburuta kwa miguu kuelekea kwenye gari, akaongeza, nadhani kwa kutaka kunifariji, "Umetusaidia sana. Hizo zingine zimetukimbiza tangu asubuhi."

Mama alinikuta nimekaa karibu na karai. Baba aliporudi alisikiliza yote, akakunja ile kamba fupi, akaitundika msumarini. Hakumlaani mtu. Alisema amri ni amri, na kwamba hata yeye angepewa bunduki ile angefanya kazi yake. Nilimchukia kwa maneno hayo kwa miaka mingi. Usiku uleule alivaa sare akaenda ghalani peke yake.

Kesho yake nilikwenda kwa Baba Achol. Alikuwa ameshasikia. Aliweka chini kiatu alichokuwa akishona, akaniuliza swali moja tu.

"Ulimwambia haya?"

"Hapana."

"Basi yeye hakukosea kitu," akasema, akakiokota kile kiatu.

Katikati ya mwaka 2013 alichoka kutazama ubao. Nchi yao ilikuwa mpya, watu walisema kuna amani, akauza bati lake akarudi kwao. Aliniachia nambari ya simu imeandikwa kwenye kipande cha ngozi. Desemba vita vikazuka huko, na nambari ile haikupatikana tena, wala wakati ule wala siku nyingine yoyote niliyojaribu. Kazi ya baba nayo ilikwisha mwaka huohuo. Ghala lilipewa walinzi wengine, na aliambiwa asubuhi moja arudishe sare. Alisimama kwenye mstari akairudisha imekunjwa. Tukahamia Kanamkemer, kwa shangazi yangu, kwenye chumba kimoja.

Bado niko Lodwar. Mji umekua, barabara ya kwenda Kakuma ni lami sasa, na safari ile iliyotuchukua mchana mzima tukiwa juu ya makaa huisha kabla chai haijapoa kwenye chupa. Kila mara naambiwa mambo yamebadilika, na ninakubali, maana lami naiona kwa macho. Baba amezeeka. Hukaa mlangoni na hatukuwahi kuzungumza tena juu ya Koplo. Nina binti wa miaka sita. Juzi niliitwa shuleni kwao pamoja na wazazi wengine, na mwalimu wake alimsifu mbele ya watu wote kwamba katika darasa zima hakuna mtoto mtiifu kumshinda, kwamba anaambiwa jambo mara moja tu. Wazazi walipiga makofi. Nilipiga na mimi, nikaacha kabla yao.

Jioni nilimkalisha kitandani nikajaribu kumwambia. Nilimwambia ni vizuri kumsikiliza mwalimu, na kunisikiliza mimi, lakini kuna siku mtu mkubwa atamwambia kwa upole asimame mahali, na siku hiyo asisimame, akimbie, akimbie na wengine bila kuniuliza hata mimi. Alinisikiliza kwa makini, mikono ameiweka mapajani.

"Siku gani, mama?" akauliza.

Akaendelea kukaa vilevile, akinitazama usoni.